Njia ya Mbawala Nyuma ya Nyumba Yetu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeamua kuhamisha wanyama wa jiji zima. Sijamwambia mtu.

Chanzo ni simu ya jana. Dada alipiga. Dada amenizidi miaka tisa, ndiye aliyenilea Mama alipofariki, na mpaka leo anaishi peke yake katika nyumba tuliyozaliwa, pembeni mwa jiji, juu ya bonde lenye kijito. Akasema amepata mnunuzi. Mtu wa maghala. Anataka nyumba, bonde, kijito, vyote, asawazishe na kumwaga zege. Akasema mabati yanavuja, magoti yanamsumbua, na vyumba vitano si vya mtu mmoja. Akaniuliza mimi nasemaje.

Nikasema: sawa, Dada.

Sawa! Mdomo huu utaniua! Roho inalia hapana, mdomo unasema sawa. Tangu utotoni sijaweza kumpinga Dada. Nilijaribu mara moja, habari ya kunyolewa. Nilinyolewa.

Asubuhi nikaacha chai mezani. Nikaenda kazini kama mgonjwa. Lakini Mungu si Athumani! Saa tatu Mkuu wa idara akaita kikao. Jiji limepanuka, akasema, mpaka limekata msitu vipande viwili. Kimoja juu kwenye vilima, kingine chini kwenye kinamasi. Wa juu hawashuki, wa chini hawapandi. Afisa wanyamapori akadakia kwamba wanyama sasa wanaoana ndugu kwa ndugu, na tukiendelea kutazama watakwisha. (Afisa huyu tunamwita Bi Mabuti. Anavaa mabuti ya mpira hata kikaoni.) Idara yetu imetakiwa kuchora ushoroba, yaani njia ya kijani ya kuwapitisha wanyama katikati ya majumba na barabara. Ndani ya ushoroba hakuna kuuza ardhi. Hakuna kujenga.

Hakuna kuuza! Hakuna kujenga! Niliyaandika maneno hayo kwenye kiganja.

Kuna njia mbili za kuchagua. Ya kwanza ni reli ya zamani isiyotumika. Ya pili inafuata kijito kimoja cha pembeni mwa jiji. Nikauliza kijito gani, nimekunja uso kama nisiyejua. Kijito chetu! Bi Mabuti anaipenda reli. Kamati itaamua Ijumaa ya wiki ijayo.

Na mchora ramani wa idara ni nani? Ni mimi, mwaka wa thelathini na moja huu. Basi ushoroba utapita nyuma ya nyumba yetu, mtu wa maghala atakimbia, nyumba itabaki, na sitalazimika kumwambia Dada neno. Penye nia pana njia, na njia hii naichora kwa mkono wangu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimegombana na Kipanya.

Kipanya ni mwenzangu wa meza ya pili. Jina amelipata kwa sababu mkono wake wa kulia haujatoka juu ya kipanya cha kompyuta tangu aajiriwe. Alitaka aichore ramani ya ushoroba yeye, kwa mashine. Mkuu akakataa. Mzee achore kwanza kwa penseli, akasema, maana anaijua ardhi, kisha wewe uingize kwenye kompyuta. Nilijitahidi nisitabasamu. Nikashindwa.

Kipanya akalipiza. Akatazama penseli yangu ya kijani, akasema ni butu kama kidole. Akaniwekea mezani kichongeo chake kipya chekundu. Eti zawadi. Nikamwambia nilianza kuchonga penseli kabla baba yake hajaposa. Nikamkumbusha kwamba kwenye ramani yetu milimita moja ni mita kumi za ardhi, na mstari mnene unakula shamba la mtu, nimewafundisha hivyo watu wengi, na sihitaji kichongeo cha mtu. Akasema ndiyo, Mzee. Jinsi alivyoitamka ile ndiyo yake sikuipenda.

Ramani yangu ya kwanza niliichora kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni. Dada alinichorea mlango na mti wa mpera, akaniambia nimalizie njia mpaka kijitoni nisije nikapotea. Nikachora na kokoto. Mama aliporudi alikataza sakafu isioshwe kwa siku tatu. Nimefanya kazi miaka yote hii na hakuna Mkuu aliyewahi kunifanyia hivyo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Balaa. Bi Mabuti ameweka kamera kwenye njia zote mbili. Ni visanduku vya kufungwa kwenye miti. Kikipita kitu mbele yake, kinapigwa picha.

Matokeo ya siku ya kwanza yamebandikwa ukutani. Relini: kanga kumi na wawili, ngedere watano, nguchiro na mkewe. Kijitoni: kopo moja, linasukumwa na upepo.

Niliona aibu kwa niaba ya bonde. Bonde lile! Zamani mbawala walikuwa wanashuka kunywa maji jioni, wale swala wa msituni wenye madoa meupe kama waliomwagiwa unga. Mama alikuwa anaacha vyombo na mapovu yake, ananiwekea mkono kichwani nisicheze. Tulikuwa tunasimama watatu, Mama, Dada na mimi, mpaka sufuria inaungua. Baba akija kuuliza harufu ni ya nini, wote tunamwambia nyamaza!

Sasa ni kopo.

Nimeuliza mke wangu, kijuujuu tu, wanyama wa porini wanapenda chakula gani. Amesema kama nina shida na Dada niende nikaongee na Dada. Mwanamke huyu!

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mpango wa kwanza umetekelezwa. Nimenunua karoti gunia dogo, nimeshuka bondeni kwa upande wa nyuma, nimezimwaga mbele ya kamera. Ili nisipigwe picha nilitambaa kwa magoti, kamera ikiwa juu ya kichwa changu. Akili ni mali.

Nilijificha kichakani kusubiri mbawala. Kutoka pale nyumba yetu inaonekana yote. Nilisikia redio ya Dada. Nilimwona akianika shuka, peke yake, anashika ncha moja kwa mkono na nyingine kwa meno, kwa sababu hakuna wa kumshikia. Halafu akakaa kwenye ngazi akipapasa goti. Aliongea na kuku mmoja kwa muda mrefu. Sikusikia alichosema, lakini kuku alikuwa anamsikiliza vizuri.

Ningeweza kutoka, nikapiga hodi, nikanywa chai. Ni hatua sitini tu. Nilijiuliza ningesema nini kuhusu majani kichwani na matope magotini. Nikabaki kichakani.

Mbawala hawakuja. Walikuja mbuzi wa jirani. Saba.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Picha za kijitoni: mbuzi, mia mbili na kumi na nne. Na nyingine tatu ambazo Bi Mabuti amezibandika peke yake katikati ya ukuta, akaandika chini yake kwa wino mwekundu: mnyama asiyejulikana, mkubwa, mwendo wa kuyumba, rangi ya kahawia.

Ni mgongo wangu. Ni mgongo wangu na sehemu inayofuata mgongo, ndani ya suruali yangu ya kahawia.

Idara nzima ilikuja kutazama. Mkuu akadhani ni nguruwe pori. Mhasibu akasema nguruwe pori hana mshono. Kipanya akageuka, akanitazama kuanzia kiunoni kushuka chini, kisha akasema mnyama huyo anafanana na mtu anayemjua. Nikacheka sana. Nilicheka kuliko wote. Nimeiweka suruali chini kabisa ya sanduku.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mpango wa pili. Sitaki hata kuuandika lakini shajara ni shajara.

Nimesikia Bi Mabuti akisema kinyesi ni ushahidi mzuri kuliko picha. Haya! Jana nikaenda bustani ya wanyama, nikamwomba mlinzi wa mabanda anipe kinyesi cha mbawala. Nikamwambia ni cha kurutubishia maua. Akaniangalia, akaingia ndani, akarudi na mfuko. Leo kabla ya kazi nimekisambaza kando ya kijito, kwa ustadi, kidogo hapa, kidogo pale.

Saa nane Bi Mabuti akaingia ofisini anahema. Amekuta kinyesi kijitoni! Kipya! Moyo ukaruka kwa furaha. Akasema amekichunguza mara mbili na hana shaka hata kidogo. Ni cha ngamia.

Mkuu akauliza ngamia amefikaje. Hakuna aliyejua. Mhasibu akasema labda amepotea njia. Kipanya akasema labda amefuatwa na yule mnyama wa kahawia.

Kesho Bi Mabuti anataka twende sote watatu, yeye, Kipanya na mimi, tukakague bonde kwa miguu. Kesho! Siku moja kabla ya kamati! Nimekwisha.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Sijui niandikeje siku ya leo.

Tulitembea kufuata kijito, Bi Mabuti mbele, Kipanya katikati, mimi nyuma nikiomba ngamia asahaulike. Tulipita chini ya nyumba yetu. Sikusema ni yetu. Madirisha yalikuwa wazi. Tukaendelea mpaka barabara kuu, ile ya njia sita. Bi Mabuti akasimama, akasema hapa ndipo njia ya kijito inapokufa. Hakuna mnyama atakayevuka hapa akafika upande wa pili na miguu yote minne. Kujenga daraja ni ndoto. Akafunga daftari. Akasema samahani, Mzee, ni reli tu.

Sikuwa na mpango. Naapa sikuwa na mpango wowote. Nilisema tu lililokuja mdomoni: mbona kuna kalvati?

Wakanitazama. Kwenye ramani hakuna kalvati. Nikawaambia ramani ile ya mwanzo sikuchora mimi. Barabara ilipokuwa ya njia moja tu, wajenzi waliweka bomba kubwa la zege chini yake kupitisha maji ya mvua, na mimi na Dada tulikuwa tunapita humo kila siku kwenda shule tusigongwe na malori. Dada alikuwa anainama. Mimi nilikuwa napita wima, na nilijivuna sana. Tulikuwa tunaimba katikati, kwa sababu pale sauti moja inakuwa ya watu hamsini. Baada ya Mama kufariki Dada aliacha kuimba mle, lakini alikuwa anasimama pale katikati, ananisubiri nimalize.

Bi Mabuti akauliza, liko wapi sasa? Nikaanza kutafuta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama. Niling'oa magugu, nikavuta magurudumu mabovu, magunia ya takataka, godoro. Kipanya akavua saa yake akaja kunisaidia, sikutegemea. Tukaliona. Lipo! Zege lile lile! Limejaa takataka upande wetu, lakini lipo.

Bi Mabuti akazunguka juu, akavuka barabara kwa kukimbia, akaliingilia kutoka upande wa msituni na tochi. Tukamsikia humo ndani. Halafu hatukumsikia. Alipotoka alikuwa amebadilika uso.

Akasema kuna nyayo kwenye tope. Za mbawala. Nyingi, za zamani na za jana. Zinakuja mpaka kwenye takataka, zinasimama, zinageuka kurudi. Zinakuja tena. Zinarudi tena.

Akasema: wamekuwa wanabisha hodi, Mzee.

Nililia. Mbele ya Kipanya. Nikasema ni vumbi la godoro.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

USHINDI!

Mipango yangu imezaa matunda! Kamati imeipitisha njia ya kijito, kura kumi na moja kwa sifuri. Bi Mabuti alieleza habari za kalvati, lakini mimi naamini karoti ziliandaa mazingira.

Nilichora ramani ya mwisho asubuhi yote bila kunyanyua kichwa. Penseli ya kijani ilikuwa inaimba. Nilipofika kwenye bonde letu nikakandamiza penseli kwa furaha, nikaupitisha mstari mpaka chini kidogo ya jiko letu, vizuri, pole pole, mara mbili. Kipanya akapita nyuma yangu. Akauliza kwa upole kama mpaka wa ushoroba ni ukingo wa ndani wa mstari au wa nje, maana mstari ameuona umenona. Akakisogeza kile kichongeo chake. Nikamwambia aingize kwenye kompyuta kama ulivyo, asiuguse hata unywele, mstari wa mzee haurekebishwi. Akasema ndiyo, Mzee.

Kamati ikasaini juu ya ramani yangu. Wote kumi na mmoja. Mhuri ukapigwa. Nimenunua keki nimempelekea mke wangu. Akauliza tunasherehekea nini. Nikamwambia wanyama.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Dada amepiga simu. Mtu wa maghala amejitoa. Amesikia habari za ushoroba, hana haja na ardhi isiyomwagwa zege.

Nikasema: pole sana, Dada. Kwa sauti ya msiba kabisa. Wakati huo nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja kwa furaha.

Akauliza wewe hujambo? Nikasema sijambo. Akauliza utakuja lini? Nikasema karibuni. Mke wangu akanong'ona niulize magoti yake. Nilipokumbuka kuuliza, simu ilikuwa imekatika.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Nimekufa. Anayeandika hapa ni marehemu.

Leo Kipanya amemaliza kuingiza ramani. Akachapa orodha ya majengo yaliyomo ndani ya mpaka wa ushoroba, yanayotakiwa kuondolewa na wenyewe kulipwa fidia na kupewa makazi mengine. Orodha fupi. Vibanda viwili vya magunia visivyo na mtu, na nyumba moja ya vyumba vitano, mwenyewe mama mtu mzima, anaishi peke yake.

Nikasema haiwezekani. Nimepitisha mpaka chini ya jiko, mita tano chini yake! Kipanya akafungua ramani. Mpaka ni ukingo wa nje wa mstari, ndivyo kanuni isemavyo, na ndivyo nilivyowafundisha wote. Na mstari wangu pale una unene wa milimita mbili. Milimita mbili! Mita ishirini! Jiko limo, vyumba vyote vitano vimo, mti wa mpera umo. Nyumba yetu haiko hata ndani ya ushoroba. Iko ndani ya penseli.

Nikakimbia kwa Mkuu. Nikamwambia ule mstari ni mnene kwa bahati mbaya. Akasema ramani ina saini kumi na moja na mhuri, na kuirudisha kamatini lazima niandike sababu. Akanisogezea karatasi. Niandike sababu gani? Kwamba nyumba ni yetu? Wataniuliza mbona hukusema siku ile ya kwanza, ulipokunja uso ukauliza kijito gani? Nikiwa nimebakiza miaka miwili nistaafu!

Nikaitazama karatasi. Nikamrudishia ikiwa nyeupe. Barua kwa Dada inaondoka kesho.

Kipanya ameniletea chai, akaweka sukari mbili, ninavyopenda. Bora angenicheka.

Jumamosi, tarehe 22 Machi

Nimekwenda kwa Dada. Nilipiga hodi kama watu.

Mara ya mwisho ilikuwa miezi minane iliyopita. Nilifikiri ni miwili. Dada ndiye aliyenihesabia, bila hasira, huku akipangusa kiti.

Barua ameshaipata. Ameiweka chini ya bakuli la sukari. Alikuwa ameanza kufunga vitu. Nusu ya sahani zimo kwenye magazeti, nusu ziko kabatini. Akanizungusha nyumba nzima kama mgeni. Hapa ndipo Baba alipokuwa anaweka viatu. Hapa ndipo ulipoanguka ukatoka damu ukasema hutaki dawa. Chumba changu bado kina kitanda changu, kimetandikwa. Shuka safi. Nikamwuliza anamtandikia nani. Akasema kwani nani mwingine analala humo?

Tukakaa kwenye ngazi. Akauliza, hivi wewe ulikuwa unaitaka nyumba hii?

Nikasema aa, mimi? Nyumba ya mabati yanayovuja?

Akatikisa kichwa. Akasema siku ile aliyonipigia kuhusu mnunuzi, hakuwa amekubali chochote na yule bwana. Alinipigia akitegemea nitapiga kelele. Alijua nitasema usiuze, nakuja Jumamosi na fundi. Alikuwa amekwisha kufikiria fundi atalala wapi. Nikasema sawa. Akaona basi, mdogo wake ameshaondoka pale moyoni, na yeye anawalindia nani vyumba vitano? Akasema mabati si kitu, angeweka ndoo chini yake mpaka afe.

Akasema: ungeniambia tu.

Nilitaka kumwambia kila kitu. Karoti, ngamia, suruali, penseli. Nilitaka kumwambia kwamba huo mstari ni wangu, nimeuchora kwa mapenzi, nimeupitisha mara mbili. Nilifungua mdomo.

Nikamwuliza kama ana magazeti zaidi, nimsaidie kufunga vikombe.

Jumatatu, tarehe 7 Aprili

Dada amehamia ghorofa ya tatu, upande wa pili wa jiji. Vyumba viwili, bomba ndani, lifti inafanya kazi. Kila mtu anasema amebahatika.

Nyumba imevunjwa Alhamisi. Mkuu alitaka mchora ramani awepo kuthibitisha mipaka. Nikawepo. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Mpera wameuacha, Bi Mabuti amesema wanyama watakula matunda yake.

Leo ameniita kwenye meza yake, akanionyesha picha ya kwanza baada ya kalvati kusafishwa. Mbawala jike, na mtoto nyuma yake, miguu yao ina tope. Wamesimama pale palipokuwa na jiko. Wameinua masikio. Idara nzima ilipiga makofi. Bi Mabuti akawaambia wote kwamba hii ni kazi ya Mzee, bila kumbukumbu ya Mzee kusingekuwa na kitu. Kipanya ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

Nimeomba nakala. Nimeitazama mchana kutwa. Ni wazuri sana, na wana haki kabisa ya kupita pale, na ningetoa mshahara wa mwaka mzima nimwone Mama anatoka mlangoni na mapovu mikononi awakute.

Jumapili, tarehe 13 Aprili

Nimempelekea Dada ile picha. Ameiegemeza kwenye dirisha. Alisema asante mara tatu. Kiti chake kinatazama dirisha hilo, na dirisha linatazama ukuta wa jengo la pili. Amesema huku hakuna tatizo lolote, ila mchana ni mrefu. Majirani ni watu wazuri, hajajua majina. Redio anaifungulia kidogo kwa sababu ya ukuta mwembamba.

Mke wangu alikuwa ameniambia kabla sijatoka: mwambie ahamie kwetu. Chumba cha watoto kiko wazi tangu walipooa, mwambie tu, maneno matatu, njoo kwetu Dada, nini kigumu? Nilirudia maneno hayo njia nzima. Ndani ya lifti niliyasema kwa sauti, mtu mmoja akashuka kabla ya ghorofa yake.

Nilipokuwa naaga Dada alinishika mkono mlangoni. Akauliza, una kitu unataka kuniambia? Alikuwa ananitazama machoni, kama mtu anayesubiri basi la mwisho.

Nikasema nilikuwa nataka kuangalia bomba kama linavuja.

Tukaenda tukaangalia bomba. Halivuji.

Lakini sijakata tamaa! Nimefika nyumbani nikatandaza ramani ya jiji mezani, na nimeona jambo ambalo hakuna mwingine ameliona. Maghorofa yale anayokaa Dada yako mita mia mbili tu kutoka kwenye mfereji wa zamani. Mfereji unaelekea kinamasini. Bi Mabuti amekuwa akilalamika kwamba nguchiro hawana njia yao. Sasa, tukichora ushoroba mdogo, wa nguchiro tu, ukafuata mfereji, ukapinda kidogo hapa kushoto, maghorofa yatalazimika kuondolewa. Familia arobaini na nane zitatafutiwa makazi. Foleni itakuwa ndefu. Dada hatakuwa na pa kukaa ila kwetu, na sitalazimika kumwambia neno.

Mke wangu amesimama mlangoni na taulo, ameuliza kama nimemwambia Dada. Nimemwambia nalishughulikia. Ameuliza hiyo ramani ni ya nini.

Nimemwambia ni kazi ya ofisi.